Gegedu la goti limelika: seli shina, sindano au upasuaji?

Swali la msomaji: "Nina miaka 46. Miaka kumi iliyopita niliumia goti la kulia nikicheza mpira. Siku hizi linauma nikishuka ngazi, na nikitembea sana linavimba. Picha ya MRI imeonyesha gegedu limelika hadi kwenye mfupa upande wa ndani wa fupa la paja, eneo la sentimita za mraba 2.5. Kwingine halina shida kubwa. Kliniki moja inanishauri nichome sindano tatu za seli shina, wanasema gegedu litaota upya. Daktari wa mifupa anataja upasuaji. Rafiki yangu anasema nisubiri kwa kuwa dawa iko njiani. Utafiti unasemaje hasa?"

Ndugu msomaji, kabla ya yote tenganisha mambo mawili ambayo hata matangazo ya tiba huyachanganya: shimo na uchakavu. Shimo ni eneo moja lenye kingo zinazoonekana, gegedu (tishu laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo) linalolizunguka likiwa zima, mfano wa barabara nzuri ya lami iliyobomoka mahali pamoja. Uchakavu, yaani baridi yabisi ya uzee na mikiki, ni ugonjwa wa goti zima: gegedu linapungua kote, mfupa wa chini yake unakuwa mgumu na kuota vinundu, utando wa ndani unawaka, na meniskasi, yaani pedi iliyo kati ya mifupa ya goti, inachanika. Upasuaji wa kujenga gegedu umepimwa kwa watu wenye shimo. Sindano nyingi zimepimwa kwa watu wenye uchakavu, halafu zinauzwa kwa wote. Kwa maelezo yako, wewe uko upande wa shimo, na hilo linakupa njia ambazo mwenye uchakavu hana.

Gegedu la goti lina unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji yaliyoshikwa kwenye wavu wa kolajeni, protini ya nyuzinyuzi. Halina mshipa wa damu wala neva. Ukijikata kidole, damu inaganda, seli zinakimbilia jeraha na kushona. Kwenye gegedu hakuna damu ya kuganda, na seli zake chache zimefungiwa kila moja ndani ya kijumba chake, hazitembei kwenda kuziba pengo. Tabibu William Hunter aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halijirudishi. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichunguza magegedu ya magoti kwa kupima kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi, iliyotapakaa hewani wakati wa majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960. Waligundua kwamba kolajeni ya gegedu hujengwa wakati wa kukua, na baada ya hapo haibadilishwi kwa kiasi cha maana hadi uzeeni. Hata kwenye magoti yaliyokwisha kuugua hawakukuta kolajeni mpya ya kutosha. Kwa hiyo anayekuambia "litaota upya" anadai jambo zito sana, na una haki ya kumuuliza limeonekana wapi.

Sasa seli shina, yaani seli zinazosifiwa kwamba zinaweza kugeuka tishu nyingine. Jina hilo limefanya kazi kubwa kuliko seli zenyewe. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa seli za uboho jina hilo mwaka 1991, mwaka 2017 alitaka jina libadilishwe. Sababu yake ilikuwa kwamba zikidungwa mwilini hazigeuki kuwa gegedu: zinatoa kemikali zinazotuma ishara kwa seli za jirani, kisha zinatoweka. Zaidi ya hapo, uboho unaovutwa kwenye nyonga na kuzungushwa kwenye mashine una seli hizo chache mno, kati ya 1 kwa 10,000 na 1 kwa 100,000 ya seli zote zenye kiini. Zilizobaki ni seli za damu za kawaida.

Jaribio kubwa lililozilinganisha lilichapishwa mwaka 2023 nchini Marekani, likiwa na wagonjwa 475 wa uchakavu wa goti. Wengine walipewa uboho wao uliokolezwa, wengine seli kutoka mafuta yao wenyewe, wengine seli za kitovu cha mtoto mchanga, na wote wakalinganishwa na waliopewa sindano ya kawaida ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Baada ya mwaka mmoja maumivu yalipungua katika makundi yote, lakini hakuna aina ya seli iliyoishinda steroidi, na picha za MRI hazikuonyesha gegedu jipya. Maana yake nini kwako? Wanaosema walipata nafuu hawadanganyi. Nafuu walipata. Ila waliochomwa sindano ya bei ndogo kabisa nao walipata nafuu ileile. Sindano yoyote kwenye goti huleta ahueni kwa watu wengi: maumivu ya goti hupanda na kushuka yenyewe, mtu huenda kliniki yakiwa yamepanda, na kuhudumiwa kwa uangalifu nako kunatuliza.

Huenda pia wakakutajia PRP, yaani plazma ya damu yako yenye chembe nyingi za kugandisha. Mwaka 2021 jaribio la Australia lilichukua watu 288 wenye uchakavu wa kiasi, nusu wakapata sindano tatu za PRP, moja kila wiki, nusu maji ya chumvi. Mgonjwa hakujua amechomwa nini, na aliyechoma pia hakujua. Mwaka ulipoisha, maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa, na ujazo wa gegedu haukutofautiana. Yapo majaribio madogo yenye matokeo mazuri zaidi, na maandalizi ya PRP hutofautiana sana toka maabara moja hadi nyingine. Lakini jaribio kubwa na lililofungwa vizuri namna hii lina uzito kuliko kumi legelege. Jambo la kushika: ukionyeshwa utafiti, uliza kwanza wagonjwa walilinganishwa na nani. Ikiwa jibu ni "tuliwapima kabla na baada", hapo hakuna ushahidi, kwa sababu hata kundi la maji ya chumvi lingeonekana limepona.

Steroidi inatuliza uvimbe kwa wiki kadhaa, na kwa goti lililofura ina nafasi yake. Usiifanye mazoea. Mwaka 2017 watafiti waliwachoma wagonjwa triamsinoloni, moja ya steroidi hizo, miligramu 40 kila wiki 12 kwa miaka miwili. Gegedu la waliochomwa lilipungua milimita 0.21, la waliochomwa maji ya chumvi milimita 0.10, na maumivu hayakutofautiana. Vidonge vya glukosamini navyo vilipimwa mwaka 2006 kwa watu 1,583, na kwa jumla havikushinda kidonge kisicho na dawa.

Tuje kwenye upasuaji. Njia kongwe ya shimo ni ile ya kutoboatoboa mfupa, iliyoenezwa na Richard Steadman huko Colorado tangu miaka ya 1980. Nitaieleza kwa karibu, kwa sababu matokeo yake yanategemea mambo madogo ambayo mgonjwa anaweza kuyauliza. Kwa kamera na vyombo vyembamba, daktari anakwangua gegedu lililolegea mpaka abakiwe na ukingo uliosimama wima, mzima, ulioshika mfupa. Kisha anaondoa tabaka jembamba lenye chokaa lililobaki chini. Tabaka hilo lisipoondolewa, tishu mpya haishiki. Likikwanguliwa kupita kiasi, mfupa wa chini unadhoofika na baadaye huota uvimbe wa mfupa ndani ya shimo. Halafu kwa chombo chenye ncha anatoboa vitundu vyenye kina cha milimita 3 hivi, kimoja mbali na kingine milimita 3 hadi 4. Vikikaribiana mno vinaungana na sakafu ya mfupa inavunjika. Mwisho anashusha shinikizo la maji ndani ya goti na kutazama: kila kitundu lazima kitoe damu na matone ya mafuta ya uboho. Kisichotoa hakijafika panapotakiwa.

Damu ile inaganda ndani ya shimo, na kwa miezi inageuka kuwa kovu la gegedu. Si gegedu la asili. Limejaa kolajeni aina ya 1, ile ya makovu na kano, badala ya aina ya 2 ya gegedu halisi, kwa hiyo halistahimili kubanwa kwa miaka mingi. Watu wengi hupata nafuu nzuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kuanzia mwaka wa pili hadi wa tano nafuu inaanza kufifia, hasa shimo likizidi sentimita za mraba 2.

Hapo ndipo seli halisi za gegedu zinaingia, na hizi ziko tofauti kabisa na sindano uliyoahidiwa. Mwaka 1994 Mats Brittberg, Lars Peterson na wenzao wa Sweden walitangaza wagonjwa 23 waliopandikizwa seli zao wenyewe. Hatua ni mbili. Kwanza, kwa kamera, mgonjwa anakatwa kipande cha gegedu cha miligramu 200 hadi 300 kutoka ukingo usiobeba uzito. Maabara inazitoa seli na kuzizalisha kwa wiki kadhaa. Kisha anapasuliwa tena na seli kuwekwa ndani ya shimo. Zamani zilifunikwa kwa kipande cha utando wa mfupa kilichoshonwa kwa nyuzi nyembamba, na utando huo mara nyingi ulivimba na kulazimu upasuaji mwingine. Siku hizi seli hupandwa juu ya karatasi ya kolajeni, ikakatwa kwa umbo la shimo na kubandikwa kwa gundi ya fibrini. Kolajeni ya ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 hutoka kwa nguruwe. Nalitaja kwa sababu mgonjwa hustahili kulijua mapema, si siku ya kutia saini.

Ugumu mkubwa uko maabara. Seli ya gegedu ikikuzwa juu ya sahani bapa husahau kazi yake: inajinyoosha, inafanana na seli ya kovu, na kuanza kutoa kolajeni aina ya 1. Kadiri inavyozalishwa mara nyingi ndivyo inavyosahau zaidi, na ndiyo maana hazizalishwi bila kikomo.

Je, kupandikiza seli ni bora kuliko kutoboatoboa? Kwa shimo kubwa, kwa muda wa kati, ndiyo. Jaribio la watu 144 wenye shimo la sentimita za mraba 3 au zaidi, wenye umri wa miaka 18 hadi 55, lilionyesha baada ya miaka miwili asilimia 87.5 ya waliowekewa karatasi ya seli walikuwa na nafuu ya maana, dhidi ya asilimia 68 ya waliotobolewa. Lakini jaribio la Norway la watu 80, lililotumia mbinu ya zamani ya utando, halikukuta seli zikishinda kutoboatoboa baada ya miaka miwili, wala mitano, wala 15. Na baada ya miaka hiyo 15 karibu nusu ya magoti yalikuwa tayari na dalili za uchakavu kwenye eksirei. Upasuaji huu unanunua miaka mizuri, na miaka hiyo ni ya thamani kwa mtu wa umri wako. Kulirudisha goti lilivyokuwa kabla ya ajali ni jambo jingine, na halijafikiwa.

Kwa ukubwa wa shimo lako ipo njia ya tatu inayosahauliwa. László Hangody wa Hungaria alianza miaka ya 1990 kuchomoa vijiti vya gegedu pamoja na mfupa wake, vyenye urefu wa milimita 15 hivi, kutoka ukingo usiobeba uzito na kuvipanda kwenye shimo kama vigae. Faida yake ni kwamba gegedu linalopandwa ni halisi tangu siku ya kwanza, na upasuaji ni mmoja. Hufaa shimo la sentimita za mraba 1 hadi 4. Hasara ni kidonda kipya kule vilikotoka, na kazi ya mikono inayohitaji uangalifu mkubwa: kijiti kikisimama juu ya wenzake hata milimita moja kinabeba shinikizo lote na kufa, kikizama sana kinafunikwa na kovu.

Utafiti unaonivutia zaidi unatoka Basel, Uswisi. Kundi la Ivan Martin lilichukua kipande cha milimita 6 cha gegedu la ukuta unaotenganisha matundu ya pua, likazalisha seli na kuzikuza juu ya kolajeni kwa wiki nne hivi mpaka zikawa gegedu lenyewe, bapa, lenye unene wa milimita 2, kisha likashonewa kwenye goti. Seli za pua hazisahau kazi haraka kama za goti, na pua haidhuriki. Wagonjwa 10 wa kwanza, waliotangazwa mwaka 2016, hawakupata madhara makubwa yaliyotokana na kipandikizi, na baada ya miaka miwili walikuwa na nafuu. Kwa kuwa hapakuwa na kundi la kulinganisha, ni hatua ya usalama tu, na bado ni tiba ya ndani ya majaribio.

Lolote utakalochagua, upasuaji utafeli kama chanzo kimeachwa. Shimo lako liko upande wa ndani. Ikiwa mguu umepinda kwa nje kama upinde, kila hatua inaangusha uzito hapohapo, na kiraka chochote kitasagwa. Omba eksirei ya mguu mzima, kutoka nyonga hadi kifundo, ukiwa umesimama. Mstari wa uzito ukipita ndani sana ya goti, mfupa wa muundi hukatwa na kunyooshwa kwanza, au siku hiyohiyo. Kwa kuwa uliumia mpirani, ligamenti ya msalaba ya mbele na meniskasi zikaguliwe pia; goti linaloteleza hula kiraka. Ujue vilevile kwamba MRI mara nyingi hulipunja shimo. Kingo mbovu zikishakwanguliwa, sentimita za mraba 2.5 zinaweza kuzidi 3, na njia iliyopangwa ikabadilika. Mwulize daktari mapema atafanyaje ikitokea hivyo. Uvutaji sigara unapunguza mafanikio ya njia zote nilizotaja.

Kisha kuna miezi ya baada ya upasuaji, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Kwa shimo lililo mahali pako, utaratibu wa kawaida ni magongo kwa wiki 6 hadi 8, mguu ukigusa chini kidogo tu, huku goti likikunjwa na kunyooshwa kila siku kwa saa nyingi, mara nyingi 6 hadi 8, kwa mashine inayolikunja polepole. Mwendo unalisha seli kwa kusukuma ute wa goti. Uzito unaokuja mapema unang'oa damu iliyoganda au karatasi ya seli. Wengi hutupa magongo wiki ya tatu kwa sababu maumivu yameisha. Gegedu halina neva: kutouma si dalili kwamba limeshika. Michezo ya kuruka husubiri kati ya miezi 9 na 18, kutegemea njia. Kama kazi yako haikuruhusu kukaa na magongo wiki nane, useme kabla ya kupanga tarehe.

Rafiki yako anayesema usubiri dawa ana sehemu ya ukweli. Sprifermini, protini inayochochea seli za gegedu, ilijaribiwa kwa watu 549 na matokeo yakatoka mwaka 2019. Kwa kipimo cha mikrogramu 100, baada ya miaka miwili gegedu lilikuwa nene zaidi kwa milimita 0.05 kuliko la waliopewa sindano isiyo na dawa. Hayo ni mafanikio ya kweli kisayansi. Lakini maumivu hayakutofautiana. Unene wa gegedu na maumivu ni vitu viwili, kwa kuwa kinachouma ni mfupa, utando na kapsuli ya goti. Ukiona tangazo linaonyesha picha za MRI bila kusema watu walitembea vipi, au linataja nafuu bila picha, ujue nusu ya habari haipo.

Kwa sasa, ushauri wangu ni huu: usilipie zile sindano tatu. Anza na wiki 12 za mazoezi tiba yanayosimamiwa, hata kama utaishia kupasuliwa, kwa sababu paja lenye nguvu ndilo litakalobeba kiraka. Mpango wa Denmark uitwao GLA:D hutumia vipindi 2 vya mafunzo na 12 vya mazoezi kwa wiki 6, unaweza kuurudia. Kiini chake ni kuketi na kuinuka kitini bila mikono, kupanda na kushuka kizingiti kifupi, na kuinua nyonga ukiwa umelala chali, seti 2 au 3 za marudio 10 hadi 15. Goti lisikimbilie ndani. Litazame kidole cha pili cha mguu. Maumivu ya hadi 5 kwa 10 yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, au goti likivimba, punguza kina cha kukunja kabla ya kupunguza idadi. Kama una uzito wa ziada, kila kilo unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Kwa wenye unene mkubwa na uchakavu wa goti, jaribio la semaglutaidi la mwaka 2024 lilipunguza uzito kwa asilimia 13.7 katika wiki 68, na maumivu yakashuka kuliko kwa waliopewa sindano isiyo na dawa. Kwa wenye uchakavu, hakuna sindano ya gotini kati ya nilizotaja yenye matokeo ya namna hiyo.

Mtu akikupendekezea "kuoshwa goti" tu kwa kamera, kataa kwa heshima. Mwaka 2002, mjini Houston, wagonjwa 180 wenye uchakavu waligawanywa kwa kura, wengine wakachanjwa ngozi tu bila kuoshwa chochote, na wote wakaendelea sawa kwa miaka miwili. Kamera ina kazi yake ikiwa goti linakwama, haliwezi kunyooka, kwa sababu kipande kimekatika na kinaelea ndani. Likikutokea hilo, usimalize wiki 12. Rudi kwa daktari.

Na kama umekwisha kuchoma sindano yoyote, ya seli au nyingine, kisha goti likawa la moto, likavimba kwa kasi, likakataa kukunjwa, ukiwa na homa au huna, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwaka 2018 mamlaka za afya za Marekani ziliripoti watu 12 waliolazwa kwa maambukizi baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu zilizokuwa na bakteria. Usaha ndani ya goti unaweza kula gegedu lililosalia kwa siku chache, kwa hiyo mwombe daktari avute maji ya goti na kuyapima kabla hujameza antibayotiki yoyote uliyojinunulia, maana ukitangulia kuimeza bakteria huenda asionekane kwenye kipimo.